Mdogo wangu ameitwa kazi Thailand na wakala anataka pesa: nitoe au nisitoe?

Swali la msomaji:

"Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Mdogo wangu ana miaka 24, amemaliza chuo, kompyuta anaijua na Kiingereza anakimudu, ila kazi hana. Kuna wakala amempata mtandaoni, anamwahidi kazi ya huduma kwa wateja Thailand, mshahara mnono, malazi na chakula juu ya mwajiri. Ataondoka kwa viza ya utalii, ya kazi atatengenezewa akishafika, na gari la kampuni litampokea uwanja wa ndege. Nusu ya malipo ya wakala inatakiwa sasa, nusu itakatwa kwenye mshahara. Mama yuko tayari kuweka kiwanja rehani, na mimi nimeombwa niongezee. Nikisita naambiwa ninamzibia mdogo wangu riziki. Yeye mwenyewe anasema hili likishindikana atapitia Libya kama wenzake. Naomba unieleze hatari zilizopo kweli, siyo za kutishana, kisha uniambie nitoe au nisitoe."

Jibu:

Dada, nianze pale ulipomalizia, maana nadhani ndipo panapokunyima usingizi. Usitoe. Na mama asikiguse hicho kiwanja. Mpango ulioueleza una alama ambazo nimezisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu waliorudi na makovu, na kutoka kwa familia zinazotafuta mtu ambaye simu yake haipatikani. Lakini nikikuachia neno "usitoe" peke yake nitakuwa nimekuongezea ugomvi nyumbani. Nivumilie nieleze kwa urefu, ili umpelekee mdogo wako sababu, siyo katazo.

Simo kwenye kundi la wanaowaambia vijana wakae kwao tu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji waliokuwa kwenye nguvukazi ya dunia walifika milioni 167.7. Mwaka 2023 watu walio ugenini walituma zaidi ya dola bilioni 650 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hesabu za Benki ya Dunia. Hizo ni karo, ni dawa, ni paa juu ya vichwa vya wazee. Mdogo wako hakosei kutaka kwenda. Kinachonitia hofu ni jinsi anavyopelekwa.

Kazi yangu kwa miaka 16 imekuwa kuwasikiliza wafanyakazi waliorudi kutoka nje na kufuatilia haki zao. Huwa nawauliza maswali mawili. La kwanza: ni lini ulitambua kwamba mambo siyo ulivyoambiwa? Karibu kila mtu ana jibu, na mara nyingi ni mapema kuliko unavyofikiri. Wapo waliotambua wakiwa bado uwanja wa ndege wa kwao, walipofundishwa waseme wanakwenda harusini. La pili ndilo gumu: mbona hukurudi? Hapo mtu huinamisha kichwa. Kijana mmoja aliwekewa mezani mkataba mpya saa chache tu baada ya kushuka kwenye ndege, kwa lugha asiyoisoma, mshahara nusu ya ule aliousaini nyumbani. Alielewa kabisa kinachotendeka. Akasaini. Baba yake alikuwa amekopa kwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa akija kukaa barazani kila Jumamosi kungoja chake.

Ndiyo maana naiona hatari ya kwanza ya mdogo wako ikiwa hapo nyumbani, ndani ya hiyo rehani. Jangwa, bahari, mwajiri katili, walinzi wenye bunduki, vyote hivyo humpata mtu ambaye hawezi tena kugeuka. Na wengi walikuwa na nafasi ya kugeuka mapema, ila deni liliwasukuma mbele. Basi katika kila njia nitakayoitaja hapa, wewe tazama jambo moja: uwezo wake wa kurudi unakatika wapi, na kwa mkono wa nani.

Tuliangalie deni lenyewe. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unasema kwenye kifungu cha 7 kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Upo mwanya wa nchi kuruhusu vighairi, na nchi nyingi hazijauridhia mkataba huo, lakini msingi wake ni mzuri kuukumbuka: anayemhitaji mfanyakazi ndiye alipie gharama ya kumpata. Mwajiri wa kweli hulipa. Pale mfanyakazi anapolipa kiasi kikubwa, jiulize wakala anaishi kwa kupata kazi au kwa kupata watu.

Nusu ile ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Mama anaiona kama unafuu, wakala kakubali kungoja. Mimi naona kwamba mdogo wako atashuka kwenye ndege akiwa tayari anadaiwa na yule yule mwenye chumba anacholala, mwenye chakula anachokula, na mwenye daftari la hesabu. Atakayeandika deni limepungua kiasi gani ni mdai mwenyewe. Leo atakatwa malazi, kesho faini ya kuchelewa, keshokutwa gharama ya viza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 uliutaja utumwa wa deni kuwa miongoni mwa desturi zinazofanana na utumwa. Walioandika maneno hayo walikuwa wanaielezea hali hii hasa: mtu anafanya kazi ili alipe, na kazi anayoifanya haihesabiwi ipasavyo kulipunguza deni.

Sasa nije Thailand. Mgeni anayekwenda kufanya kazi huko kihalali anahitaji viza ya kazi, ile ya aina B, ambayo kwa kawaida huombwa kwenye ubalozi wa Thailand kabla ya safari kwa karatasi zinazotoka kwa mwajiri. Baada ya hapo kuna kibali cha kazi chenye jina la kampuni. Anayefanya kazi kwa viza ya utalii ni mvunja sheria tangu siku ya kwanza, na atakayekuwa amemweka katika hali hiyo ndiye atakayemtishia nayo. Tena kwa kanuni ya kawaida, kampuni ya Thailand inatakiwa iwe na wafanyakazi Wathai wanne kwa kila mgeni mmoja. Kampuni inayochukua vijana kwa makumi kutoka ng'ambo, bila usaili wa maana, ili wapokee simu za wateja, ina maswali mengi ya kujibu.

Na hilo gari la uwanja wa ndege, dada, ndilo lililonifanya niache kazi nyingine nikujibu wewe kwanza. Waliotoka huko wamesimulia safari ile ile. Unatua Bangkok, unapokewa kwa tabasamu, unaingia kwenye gari, na gari haliingii mjini. Linakwenda magharibi karibu kilomita 500 mpaka mji wa Mae Sot, mpakani mwa Myanmar. Hapo kuna mto, unaitwa Moei, mwembamba kiasi kwamba mtumbwi huuvuka kwa dakika chache. Ng'ambo yake ni eneo la Myawaddy, ambako wenye amri ni makundi ya wanamgambo. Kumejengwa makambi yenye kuta, nyaya na walinzi. KK Park lilikuwa mojawapo lililojulikana sana. Ndani ya makambi hayo watu hukaa mbele ya kompyuta saa 15 au zaidi, wakitapeli watu walio nchi za mbali kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa wa sarafu za kidijitali. Asiyefikisha lengo hupigwa, wengine kwa umeme. Anayetaka kuondoka hutajiwa pesa ya kujikomboa, au huuzwa kwa kambi jingine na deni lake likipanda.

Kwa nini wamtake kijana kama mdogo wako? Kwa sababu anajua kompyuta na Kiingereza. Watu wamezoea kudhani kwamba anayeuzwa ni yule asiyesoma. Hapa kisomo ndicho kinachotafutwa. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja makadirio ya watu wasiopungua 120,000 wanaoweza kuwa wanashikiliwa Myanmar katika kazi hizo, na wengine wapatao 100,000 Cambodia. Waafrika wamo. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kuelekea maeneo hayo ya mpakani, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 7,000 wakatolewa makambini. Katika kundi la watu wapatao 260 lililovushwa mto mwezi huo, wengi walikuwa Waethiopia, na Wakenya walikuwemo.

Kilichofuata ndicho ningependa mama akisikie. Waliotolewa makambini hawakufika makwao kesho yake. Maelfu walikwama hapo mpakani kwa majuma, wakilala kwenye kambi za muda, kwa sababu Thailand haikutaka wavuke hadi kuwe na uhakika wa kuchukuliwa na nchi zao. Nchi nyingine zilileta ndege. Waliotoka kwenye nchi zisizo na uwezo huo, Waafrika wengi wakiwa miongoni mwao, waliendelea kungoja. Mtu ameshatoka mikononi mwa watesaji, na bado harudi kwa kukosa tikiti. Shika hilo, nitalirudia.

Sisemi kwamba wakala huyu hakika ni wa makambi hayo. Simjui. Nasema kwamba kila alichokueleza, kuanzia tangazo la mtandaoni, viza ya utalii, gari la kumpokea, hadi kompyuta na Kiingereza, kinafanana nayo, na vyote vikiwekwa pamoja havifanani na ajira halali ya Thailand.

Mdogo wako ameitaja Libya kama mtu anayetaja njia ya mkato. Najua maneno haya husemwa kwa hasira pia, ili familia ikubali lile la kwanza. Usiyapuuze, lakini pia usikubali yawe fimbo ya kukupigia. Mweleze tu njia ilivyo.

Jangwa huja kabla ya bahari. Mwaka 2024 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya wakimbizi na uhamiaji, UNHCR na IOM, yalisema wanaovuka Sahara wanakadiriwa kuwa wengi kuliko wanaovuka Mediterania, na kwamba vifo vya jangwani huenda ni mara mbili ya vile vya baharini. Baharini kuna kamera na meli za uokoaji. Jangwani kuna mchanga tu. Watu hupakiwa nyuma ya pikapu, wa pembeni wakiwa wamekalia ukingo na miguu ikining'inia nje, kila mmoja ameshikilia fimbo iliyochomekwa kwenye mzigo ili asirushwe. Anayeanguka, mara nyingi dereva hasimami. Oktoba 2013 huko Niger ilikutwa miili ya watu 92, wengi wao wanawake na watoto, waliokufa kwa kiu baada ya magari yao kuharibika wakielekea Algeria. Baadaye, Niger ilipotunga sheria mwaka 2015 ya kuwaadhibu wasafirishaji, madereva walihama barabara zinazojulikana wakapita mbali na visima, na wengine wakiona doria huwashusha abiria na kukimbia. Sheria hiyo ilifutwa mwishoni mwa mwaka 2023, lakini jangwa ni lile lile. Pale ambapo dereva pekee ndiye anayejua kisima kiko wapi, uhai wa abiria wote umo mfukoni mwake.

Kisha kuna simu. Hii ndiyo sehemu inayoihusu familia moja kwa moja. Libya, hasa maeneo kama Bani Walid, imejulikana kwa miaka mingi kwa maghala ambamo wahamiaji hufungiwa na kuteswa huku simu iko hewani, ndugu asikie kilio, pesa itumwe. Nimekaa na mama mmoja aliyekuwa akipokea simu hizo kila jioni baada ya magharibi. Alituma mara ya kwanza, mwanawe akauzwa kwa watu wengine, simu zikaanza upya na kiwango kipya. Sitaki kumlaumu mzazi yeyote anayetuma. Nani angeweza kusikia sauti ile na kukaa kimya? Ninachoomba ni kwamba familia isibebe peke yake. Mkipokea simu ya namna hiyo, iwekeni rekodi, andikeni namba na majina ya wanaopokea pesa, na siku hiyo hiyo mwende polisi na ofisi ya IOM iliyo karibu, maana wapo watu wanaofuatilia mitandao hiyo na huwa wanakosa taarifa kama hizo.

Bahari siitaji kwa urefu kwa sababu hiyo imeshazungumzwa sana. Tarehe 3 Oktoba 2013 watu 368 walikufa mbele ya kisiwa cha Lampedusa, pwani wakiiona kwa macho: mtu aliwasha blanketi ili waonekane, moto ukatisha, watu wakakimbilia upande mmoja, mashua ikapinduka. Juni 2023 boti la uvuvi lililobeba watu hadi 750 lilizama karibu na Pylos, Ugiriki; waliopona ni 104. Na wanaokamatwa baharini na walinzi wa pwani wa Libya hurudishwa kule kule walikotoka, kwenye vizuizi.

Mdogo wako akikwambia yeye hatapanda boti, atapita nchi kavu ndani ya lori, mkumbushe Essex, Uingereza. Tarehe 23 Oktoba 2019 Wavietnamu 39, wanaume, wanawake na vijana wadogo, walikutwa wamekufa ndani ya tela la friji lisilopitisha hewa. Joto ndani lilikuwa limefika nyuzi 38.5. Familia nyingi zilikuwa zimekopa pesa nyingi kulipia safari hiyo, tena ikiuzwa kama safari bora kuliko nyingine. Mlango wa tela la namna ile haufunguki kwa ndani. Madeni, kwa taarifa yako, hayakufa pamoja nao.

Tuseme sasa kakataa yote hayo, akapata kazi ya halali, yenye viza ya kazi. Hatari zinapungua sana, lakini haziishi, na hapa nitasema na wasomaji wengine pia, hasa wanaowapeleka mabinti zao kazi za ndani. Cha kwanza ni pasipoti. Mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani unasema waziwazi, kifungu cha 9, kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Kifungu cha 8 kinataka anayeajiriwa kutoka nchi nyingine apewe ahadi ya kazi au mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 wa kuwalinda wafanyakazi wahamiaji na familia zao nao unasema si halali kwa mtu yeyote, isipokuwa ofisa wa serikali aliyeruhusiwa na sheria, kuchukua au kuharibu hati za mhamiaji. Tatizo ni kwamba nchi tajiri zinazowapokea wafanyakazi karibu zote hazikuuridhia huo wa 1990. Kwa hiyo haki ipo kwenye karatasi, na pasipoti ipo kwenye kabati la bosi.

Chini ya mfumo wa kafala, uliozoeleka katika nchi nyingi za Ghuba pamoja na Lebanon na Jordan, ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mdhamini wake. Akiondoka nyumba ile bila ruhusa, hata kama amekimbia kipigo, anaweza kushtakiwa kuwa ametoroka. Yamefanyika mageuzi, Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kupata idhini ya mwajiri kabla ya kubadili kazi, na tangu 2021 inazuia kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, kwa ajili ya joto. Ni hatua za kweli na zimeokoa watu. Lakini mfanyakazi wa ndani yuko nyuma ya geti ambalo mkaguzi wa kazi halifikii, na mimi ninaowapokea mezani kwangu wengi ni hao: mshahara wa miezi umeshikiliwa, simu imechukuliwa, chakula ni masalia, siku ya mapumziko hakuna. Wengine wamefanyiwa mambo ambayo hawawezi kuyasema mbele ya waume zao. Kwao pia uwezo wa kurudi ulikatika siku walipokabidhi pasipoti wakidhani ni utaratibu wa kawaida.

Umeniuliza kama utoe pesa. Nimesema hapana kwa wakala. Lakini pesa hiyo uliyokuwa tayari kuitoa, usiirudishe kwenye matumizi. Iweke kwa jina lako, iitwe pesa ya tikiti ya kurudi, na mwambie mdogo wako kwamba siku atakayopata kazi ya kweli, popote duniani, pesa hiyo ipo, haina swali wala aibu, akisema neno moja tu unainunua tikiti. Kwa watu niliowashughulikia, waliokuwa na kitu kama hicho walirudi wakiwa wamechoka na wamekasirika. Waliokosa ndio niliowaandikia barua kwa balozi zao.

Kabla ya safari yoyote, mkataba usomwe na ofisi ya serikali inayosimamia ajira za nje, na jina la wakala litafutwe kwenye orodha ya waliosajiliwa. Usitosheke na cheti anachotuma kwa simu, vyeti vinachapishwa. Mwajiri apigiwe kwa namba mliyoitafuta wenyewe, siyo ile aliyoitoa wakala. Ubalozi wa nchi anayokwenda uulizwe kama viza ya aina hiyo inamruhusu kufanya kazi. Nyumbani mbaki na nakala za pasipoti, viza, mkataba, tikiti na picha za alama za mwili wake. Najua hilo la mwisho linaumiza kulisikia. IOM ilianza kuhesabu wahamiaji wanaokufa au kupotea njiani mwaka 2014. Miaka kumi ya kwanza iliandika zaidi ya watu 63,000, na zaidi ya theluthi mbili ya waliothibitika kufa hawakutambuliwa majina. Mwaka 2024 peke yake walikuwa zaidi ya 8,900. Nyuma ya kila asiyetambuliwa kuna nyumba inayongoja simu. Mkimkosa mtu wenu, Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ya nchi yenu ina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya uhamiaji, na hailipiwi.

Mkubaliane neno la siri pia. Liwe neno la kawaida ambalo akilitaja kwenye simu utajua anazungumza akiwa amesimamiwa, kama kuulizia hali ya ndugu ambaye hamnaye. Watu wengi hulazimishwa kupiga simu nyumbani na kusema wako salama.

Na akamatwe au aokolewe, ajue maneno ya kusema. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, mgeni aliyezuiliwa ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Aombe mara moja na aombe tena. Kama alilazimishwa kazi, au kutapeli watu, alitaje hilo katika maelezo ya kwanza kabisa, asingoje. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 kuhusu biashara haramu ya binadamu inasema kwamba palipotumika udanganyifu au mabavu, kukubali kwa mwathiriwa hakuhesabiki. Yaani hata kama alipanda ndege kwa hiari na akasaini kwa mkono wake, bado anaweza kuwa mwathiriwa kisheria. Wengi hawalijui hili, wanajiona wamejitakia, wananyamaza, kisha wanafungwa kama wahalifu.

Usiku huu usiende kwake na habari za vifo. Atasema unamtabiria. Mwambie amwulize wakala mambo matatu, kwa maandishi: jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili na anwani ya ofisi, ni viza gani atakayofanyia kazi na nani ameiomba, na nani atalipia tikiti ya kurudi kazi isipokuwa kama alivyoahidiwa. Ampe siku saba. Wakala akisema nafasi zinajaa leo usiku, au akipiga simu badala ya kuandika, mdogo wako atakuwa ameona mwenyewe, na hutahitaji kumwambia lolote. Majibu yakija, nitumie kama yalivyo, pamoja na picha ya mkataba, kila ukurasa, hata ule wenye maandishi ya Kithai.